Sindo: Uchaguzi unapoamuliwa kabla ya siku ya kura

MPIGAKURA wa Sindo, mji mdogo wa wavuvi na wafanyabiashara ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria katika eneobunge la Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, hupewa karatasi sita kila baada ya miaka mitano: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na diwani wa wadi.

Kwa macho ya sheria, hizo ni nafasi sita za kuchagua. Kwa hali ilivyo, nyingi kati yake huwa zimeshajazwa miezi kadhaa mapema, siku ambapo chama chenye ngome katika eneo hilo kinatoa tiketi zake.

Hapo ndipo unapoanzia uchovu wa kisiasa unaosikika katika fuo za ziwa hilo, kuanzia Mbita hadi Sori katika kaunti jirani ya Migori. Si kwamba wananchi hawajui maana ya ufisadi. Barabara iliyocheleweshwa, zahanati isiyo na dawa na mwalo usio na mahali pa kuhifadhia samaki ni masomo tosha. Shida ni kwamba kura, silaha waliyokabidhiwa ili wawaadhibu viongozi wabadhirifu, huwafikia ikiwa butu.

Ili kuelewa jinsi silaha hiyo inavyotiwa ubutu, ni lazima kutazama mambo matatu: jinsi Kenya ilivyogawanyika katika mirengo miwili, jinsi tiketi za vyama zinavyopatikana, na kinachotokea mirengo hiyo miwili inapoamua kula sahani moja.

VYAMA VINGI, MIRENGO MIWILI

Kenya ina makumi ya vyama vilivyosajiliwa. Hata hivyo, katika uchaguzi wa urais wa Agosti 2022, Dkt William Ruto wa Kenya Kwanza alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 ya kura, naye Bw Raila Odinga wa Azimio la Umoja akapata asilimia 48.85. Wawaniaji wengine wawili waligawana chini ya asilimia moja.

Mwaka 2017 hali ilikuwa iyo hiyo. Katika uchaguzi wa Agosti, Rais Uhuru Kenyatta wa Jubilee na Bw Odinga wa NASA walizoa karibu asilimia 99 ya kura zote kwa pamoja.

Chanzo kimojawapo ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kwa kuwa hakuna jamii moja inayoweza kufikisha idadi hiyo peke yake, vigogo hulazimika kuungana mapema, na vyama vidogo hujikuta vimemezwa na kambi moja au nyingine.

Katika miaka ya 1950, msomi wa Ufaransa, Maurice Duverger, alieleza kwamba nchi ambako mwenye kura nyingi katika kila eneobunge huchukua kiti huelekea kubaki na vyama viwili vikubwa, kwa sababu mpigakura huogopa kuipoteza kura yake kwa mwaniaji dhaifu. Uingereza na Marekani ndizo zilizotolewa mfano mara nyingi.

Lakini kuna tofauti kubwa. Huko yapo majimbo mengi ambako vyama hivyo viwili hukabiliana uso kwa uso, na mbunge anayeiba au kuzembea hujua kwamba mpinzani wake yuko mlangoni. Nchini Kenya, kambi mbili hushindana kitaifa, ilhali mashinani kila moja huwa na ngome yake isiyoingilika kwa urahisi.

Homa Bay ni ngome ya aina hiyo. Katika kura ya urais ya 2022, karibu kura zote za kaunti hiyo zilimwendea Bw Odinga. Mfumo unaoonekana kuwa wa mirengo miwili kutoka Nairobi, ukiutazama kutoka Sindo ni mfumo wa chama kimoja.

MCHUJO NDIO UCHAGUZI

Jina la ODM lilitokana na kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, ambapo upande wa chungwa uliangusha rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na serikali ya Rais Mwai Kibaki. Tangu uchaguzi wa 2007, chama hicho ndicho kimekuwa mlango wa kuingilia bungeni kwa wakazi wa eneo hili.

Bw John Mbadi alichaguliwa kwa tiketi ya ODM mwaka 2007 kuwakilisha Gwassi. Mipaka ilipochorwa upya na eneobunge kuitwa Suba Kusini, alichaguliwa tena mwaka 2013 na 2017. Mwaka 2022 kiti hicho kilimwendea Bw Caroli Omondi, naye pia wa ODM.

Chama kinapokuwa na nguvu kiasi hicho, anayepata tiketi yake huwa amemaliza safari. Kutokana na hali hiyo, ushindani wa kweli huhama kutoka debe la Agosti na kuingia katika mchujo wa Aprili, ambao husimamiwa na chama chenyewe, kwa sajili ya wanachama ya chama chenyewe, na mara nyingine kufutwa kabisa ili tiketi itolewe moja kwa moja.

Mwaka 2022 tiketi ya ugavana ya ODM katika Homa Bay haikupigiwa kura ya wanachama. Ilikabidhiwa Bi Gladys Wanga baada ya mashauriano miongoni mwa wawaniaji. Bw Mbadi, aliyekuwa akiitaka, alijiondoa na baadaye akateuliwa mbunge maalumu, huku Bw Oyugi Magwanga akiwa mgombea mwenza. Aliyekuwa gavana wa Nairobi, Dkt Evans Kidero, aliwania akiwa mgombea huru, akashindwa. Bi Wanga akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kaunti hiyo.

Hakuna sheria iliyovunjwa kwa kutoa tiketi kwa njia hiyo. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inaruhusu mbinu zaidi ya moja za uteuzi. Hata hivyo, mpigakura wa kawaida huachwa na swali: iwapo uamuzi mkubwa umefanywa katika chumba cha mkutano, yeye anaitiwa nini debeni?

Wakazi wa eneo hili hawajakubali jambo hilo kimyakimya kila mara. Mwaka 2013, wapigakura wa Migori walimkataa mwaniaji wa ODM, Prof Edward Oyugi, wakamchagua Bw Okoth Obado wa chama kidogo cha PDP kuwa gavana wao wa kwanza. Miaka minne baadaye, Bw Obado alitetea kiti chake kwa tiketi ya ODM. Uasi ulikuwa umefanikiwa, lakini mwasi alirudishwa nyumbani.

Katika Homa Bay yenyewe, Bw Magwanga aliwania ugavana mwaka 2017 akiwa mgombea huru, akashindwa na Bw Cyprian Awiti wa ODM kwa tofauti ya takriban kura 21,000. Mahakama Kuu ilibatilisha ushindi huo Februari 2018, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha mwaka 2019. Matokeo hayo yalionyesha kwamba hata katika ngome, karibu nusu ya wapigakura waweza kutafuta njia nyingine.

TIKETI NA PESA

Uhusiano wa mfumo huu na ufisadi ni wa moja kwa moja. Mwaniaji hulipa ada ya chama isiyorudishwa, hugharimia kampeni ya mchujo, kisha hugharimia ile ya uchaguzi mkuu. Katikati ya yote hayo huwapo michango ya harambee, mazishi na makundi ya vijana na akina mama, ambayo wapigakura wenyewe wamezoea kuidai.

Bunge lilipitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni mwaka 2013 ili kuweka kikomo cha matumizi na kuwalazimu wawaniaji kutaja wafadhili wao. Utekelezaji wake uliahirishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Kabla ya ule wa 2022, Bunge la Kitaifa lilikataa kanuni za tume ya uchaguzi zilizonuia kuipa sheria hiyo makali. Wabunge wa mirengo yote miwili, ambao hawakubaliani kwa mengi, walielewana vyema katika hilo.

Aliyetumia mamilioni kupata kiti huingia ofisini akiwa na deni, na wanaomdai hawaishi Sindo. Ni wafadhili wanaotarajia zabuni, na maafisa wa chama wanaotarajia utiifu. Katiba nayo humwongezea hofu: chini ya Kifungu cha 103, mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake.

Pesa za umma zenyewe zimewahi kuvinenepesha vyama vikubwa. Hazina ya Vyama vya Kisiasa hutengewa asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Masharti yaliyokuwapo baada ya uchaguzi wa 2017 yalikuwa magumu kiasi kwamba ni Jubilee na ODM pekee zilizofuzu kupokea mgao. Sheria ilibadilishwa mwaka 2022 ili vyama vidogo navyo vipate chochote.

Katika kaunti, hatari huwa kubwa zaidi. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Homa Bay ilitengewa zaidi ya Sh7.8 bilioni kama mgao wake wa mapato ya kitaifa. Wajibu wa kuchunguza matumizi ya fedha hizo ni wa madiwani, wakiwamo 40 wanaochaguliwa kutoka wadi za kaunti hiyo. Lakini gavana anapokuwa wa chama kimoja na idadi kubwa ya madiwani, na tiketi za wote zinapotoka mkono mmoja, diwani anayeuliza maswali mengi hujua kwamba mchujo ujao hauko mbali.

MKAGUZI AGEUKAPO MKAGULIWA

Kwa miaka mingi, mkazi wa Sindo alijifariji kwa jambo moja. Hata kama mashinani hana uchaguzi, angalau kitaifa wabunge wake walikuwa upinzani, na kazi ya upinzani ni kuilinda hazina ya umma dhidi ya walioko madarakani.

Faraja hiyo haikuwa tupu. Katika bunge la 2017 hadi 2022, kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa alikuwa mbunge wake, Bw Mbadi. Baada ya uchaguzi wa 2022, Bw Mbadi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge kuhusu Uhasibu, PAC, inayopokea ripoti za Mkaguzi Mkuu na kuwaita makatibu wa wizara waeleze fedha zilikokwenda. Kwa desturi, kamati hiyo huongozwa na mbunge wa upinzani, kwa kuwa si busara kumkabidhi fisi ulinzi wa bucha.

Septemba 2023, ODM iliamua kuwafukuza wabunge watano kwa kosa la kushirikiana na serikali ya Kenya Kwanza. Miongoni mwao alikuwa Bw Omondi wa Suba Kusini. Wabunge hao walipinga uamuzi huo, nao wakasalia bungeni.

Mwaka haukuisha kabla ya mambo kupinduka. Baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, yaliyofikia kilele Juni 25, 2024 waandamanaji walipoingia majengo ya Bunge, Rais Ruto alilivunja baraza lake la mawaziri. Agosti mwaka huo, vigogo wanne wa ODM waliapishwa kuwa mawaziri: Bw Mbadi katika Wizara ya Fedha, Bw Opiyo Wandayi katika Kawi, Bw Hassan Joho katika Madini na Bw Wycliffe Oparanya katika Vyama vya Ushirika.

Tazama maana ya mabadiliko hayo. Aliyekuwa akiongoza kamati inayoikagua Wizara ya Fedha ndiye aliyekwenda kuiongoza wizara hiyo. Bw Wandayi naye alikuwa kiongozi wa wachache bungeni, na kabla ya hapo aliwahi kuongoza PAC. Hakuna aliyedai kwamba kukubali uteuzi huo ni kosa. Lakini kiti cha mkaguzi na kiti cha mkaguliwa vilikuwa vimesogezwa upande mmoja wa meza.

Machi 7, 2025, Rais Ruto na Bw Odinga walitia saini mkataba wa ushirikiano jijini Nairobi, wenye ajenda 10, zikiwamo vita dhidi ya ufisadi na ukaguzi wa deni la taifa. Hivyo, lile lililokuwa kosa la kumfukuzisha mbunge wa Suba Kusini mwaka 2023 likawa sera ya chama mwaka 2025.

Wanaotetea ushirikiano huo wana hoja yenye uzito. Husema kwamba Nyanza ilikaa nje ya serikali kwa miongo mingi, ikalipa kodi bila kuonja mgao wa haki, na kwamba waziri aliyetoka Suba anaweza kuitengea barabara ya ziwani fedha ambazo mpinzani angeziombea tu. Wanakumbusha pia kwamba mkataba wa Februari 28, 2008 ndio uliokomesha umwagikaji wa damu baada ya uchaguzi.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, haijibu swali la nani atakayeuliza iwapo fedha za barabara hiyo zimefika zote.

SI MARA YA KWANZA

Historia ya Kenya imejaa visa vya upinzani unaomezwa. KADU ilijivunja na kujiunga na KANU mwaka 1964. KPU ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyoundwa mwaka 1966, ilipigwa marufuku mwaka 1969. NDP ya Bw Raila Odinga ilijiunga na KANU Machi 2002. Ukaja mkataba wa 2008, kisha salamu za mkono kati ya Rais Kenyatta na Bw Odinga mnamo Machi 9, 2018.

Ufisadi haukuheshimu mipaka ya kambi hizo. Kashfa ya Goldenberg ilikuwa ya enzi za KANU, na ile ya Anglo Leasing ikafichuka chini ya NARC, muungano uliochaguliwa mwaka 2002 kwa ahadi ya kuutokomeza ufisadi. Kashfa ya mahindi ya 2009 ilizuka wakati kambi zote mbili zilikuwa serikalini. Katika orodha ya shirika la Transparency International ya mwaka 2024, Kenya ilipata alama 32 kati ya 100.

Jirani zetu wa Zanzibar walipitia njia tofauti kidogo. Baada ya miaka ya uhasama kati ya CCM na CUF, wazo la serikali ya umoja wa kitaifa lilipelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na asilimia 66.4 wakaliunga mkono. Mpango huo nao umepitia misukosuko, hasa baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa. Lakini angalau mpigakura wa Pemba aliulizwa kwanza. Yule wa Sindo alisikia kwenye redio.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Wakazi wa ngome za kisiasa wameligundua jambo jingine: tembo hao wakipatana na kulala pamoja, nyasi zile zile ndizo zinazolaliwa.

NJIA ZILIZOSALIA

Jibu la baadhi ya Wakenya limekuwa ni kukaa nyumbani. Mwaka 2013, takriban asilimia 86 ya waliosajiliwa walipiga kura. Mwaka 2017 walikuwa karibu asilimia 80, na mwaka 2022 wakashuka hadi takriban asilimia 65. Kususia ni ujumbe, lakini ni ujumbe usiomwondoa mtu kitini. Katika ngome, debe lisilo na watu humfaa zaidi mwenye tiketi.

Sheria bado imeacha milango mingine, ingawa ni myembamba. Wa kwanza ni mchujo wenyewe. Ikiwa ndio uchaguzi halisi, basi kujisajili kuwa mwanachama, kukagua sajili na kudai kura badala ya tiketi ya moja kwa moja ni mambo yenye uzito sawa na kupiga kura Agosti.

Wa pili ni mgombea huru. Kifungu cha 85 cha Katiba kinamruhusu yeyote asiyekuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Aidha, chama kidogo chaweza kushinda: Aprili 2019, wapigakura wa Ugenya katika Kaunti ya Siaya walimchagua Bw David Ochieng wa chama cha MDG dhidi ya mwaniaji wa ODM katika uchaguzi mdogo.

Wa tatu ni kutenganisha karatasi hizo sita. Desturi ya kupiga kura kwa mtindo wa 'suti', ambapo mtu huchagua chama kimoja kuanzia rais hadi diwani, ndiyo inayowapa kinga wazembe. Aliyempenda kigogo wa kitaifa hakulazimika kumpenda kila aliyesimama nyuma ya picha yake.

Wa nne ni ripoti. Mkaguzi Mkuu huandaa ripoti ya kila kaunti kila mwaka, na Mdhibiti wa Bajeti hueleza jinsi fedha zilivyotumika. Nyaraka hizo ni za umma. Mradi uliotajwa humo kuwa umekamilika katika wadi fulani unaweza kuhakikishwa na mkazi yeyote mwenye miguu na macho.

Mlango wa tano, wa kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha, umo katika Kifungu cha 104. Lakini Bunge liliuwekea masharti mazito, na sehemu za sheria hiyo zikabatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017.

Bw Odinga alifariki Oktoba 15, 2025 nchini India, na Dkt Oburu Oginga, kaka yake, akashika uongozi wa ODM. Kwa karibu miongo miwili, jina la Bw Odinga ndilo lililoifanya tiketi ya chama hicho kuwa sawa na ushindi katika fuo hizi za ziwa. Uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 utakuwa wa kwanza tangu chama hicho kiundwe ambao mwanzilishi wake hatakuwapo.

Mpigakura wa Sindo atapewa tena karatasi sita. Iwapo hatauliza lolote hadi siku hiyo, atazikuta zimeshajazwa.